Udongo Haukauki Masika

2 Machi

Daktari wa kifua amenipa kazi ya kuandika. Kila jioni niandike nimekohoaje, nimelala vipi, nimevuta hewa ya wapi. Haya: nimekohoa, nimelala vibaya, nimevuta hewa ya chumba cha uani kwa mdogo wangu, chenye dirisha moja na kuta zisizopigwa lipu. Ya daktari yameisha. Nafasi iliyobaki ni yangu.

Maisha yangu yote nimechora mabango. Saluni, bucha, maduka ya dawa, migongo ya malori. Rangi ya mafuta na tina ya kuizimua, asubuhi nachora, jioni mwenyewe anatundika. Sasa kifua kimegoma. Daktari aliponiuliza kama siwezi kufanya kazi nyingine, nilimwuliza na yeye kama anaweza. Hakucheka.

Kazi ninayo moja tu, na hiyo nimeipata kwa ulimi. Matroni wa zahanati ya wazazi ananijua tangu nilipomchorea bango la getini. Wamejenga ukumbi mpya wa kusubiria, na ukuta wake mrefu anautaka uwe na mto, nyasi na ndege, wajawazito wapumzishe macho. Ila rangi ya dukani haitaki. Walipopaka milango, kina mama walitapika mmoja baada ya mwingine. Nikamwambia nitachora kwa udongo. Akanitazama kama niliyemwahidi chai ya matope.

"Udongo wa wapi?"

"Wa chini, Matroni. Kuna mwingine?"

Amenipa mpaka mvua zikatike, ndipo ukumbi ufunguliwe.

4 Machi

Kutwa nimezunguka na sururu. Nyekundu nimeipata kwenye kichuguu nyuma ya shule. Njano, ukingo wa mto, pale maji yalipoukata. Nyeupe, kwenye shimo la wafyatua matofali, laini kama unga wa kupaka mtoto. Kijivu, nyuma ya gereji. Nyeusi ni mkaa, huo upo jikoni. Buluu hakuna. Dunia yote hii na hakuna mahali ilipoficha buluu.

7 Machi

Unaponda, unaloweka, unakoroga, unaacha takataka zielee na mchanga uzame, unamimina maji yenye rangi kwenye ndoo nyingine, unasubiri yatulie. Halafu unachuja kwa kitambaa, unafinyanga vidonge bapa, unavianika. Vikikauka unavisaga juu ya kioo. Kazi yenyewe ni ya mikono kidogo, ya kusubiri tele. Mimi kusubiri sikujaliwa.

Wifi yangu, mke wa mdogo wangu, ni fundi cherehani na sebule ndiyo karakana yake. Leo nimepita na ndoo, nikakanyaga kipande cha satini nyeupe. Unyayo mwekundu, vidole vyote vitano. Aliuangalia, akaniangalia.

"Wifi, siku ya tatu ya mgeni ilishapita. Jembe tumekupa. Ila mbona unalimia sebuleni?"

Nimeufua mwenyewe. Umebaki wa waridi.

11 Machi

Mvua. Haijakauka.

12 Machi

Mvua. Haijakauka. Nimekwenda kuvigeuza vidonge mara nyingi kama mtu mwenye mgonjwa.

15 Machi

Sikai wala sisimami. Nikikaa najisikia mvivu, nikisimama sina pa kwenda. Nimepanga sinia zangu juu ya jiko la mkaa, nikazihamishia chini ya kitanda, nikazirudisha jikoni. Wifi hakusema kitu, ila cherehani yake ilisema.

Mdogo wangu ni mwashi. Alirudi amelowa, akanikuta napuliza kidonge kwa mdomo.

"Dada, hata saruji ina siku zake. Ukiikimbiza inapasuka."

"Saruji yako ina mifuko imeandikwa. Huu udongo haujaniambia kitu."

Akacheka, akamtazama mkewe acheke naye. Wifi alikuwa ameinamia mshono. Hawa wawili wanaongea kidogo sana siku hizi. Nadhani sababu ni mimi.

18 Machi

Gundi ya ukutani naitengeneza kwa maziwa. Unayaacha yagande, unachuja chenga zake, unazisaga na chokaa kidogo mpaka zivutike. Ikishika ukuta haitoki. Inanuka, sikatai. Lakini wifi leo alivyoingia jikoni akakuta sufuria yangu, alijiziba pua kwa mtandio, akatoka mbio, nikamsikia anatapika kwenye mtaro. Akarudi, macho mekundu, akachukua sufuria na kuimwaga yote nje.

Tangu lini mtu akatapika kwa dharau? Huyu anaweza.

23 Machi

Nyeupe zimekauka kwanza, Mungu mkubwa. Ila sinia haikujaa kama nilivyoiacha. Panya? Panya gani wa kula udongo.

27 Machi

Zimepungua tena.

1 Aprili

Nimeanza ukuta. Nimechora mistari kwa mkaa, nikapaka ardhi kwanza: nyekundu chini, njano juu yake, kilima kinapanda kutoka sakafuni. Nilipoingiza mkono kwenye njano nikasahau kukohoa. Sijui niandikeje. Rangi ya kopo inakaa juu ya ukuta kama nguo. Hii inaingia.

Matroni alisimama nyuma yangu.

"Na maji?"

"Nyeupe na kijivu."

"Maji yasiyo na buluu?"

"Matroni, mto wetu umewahi kuuona wa buluu?"

Akafikiri. "Sijawahi. Ila kwenye picha huwa wa buluu."

Kwa hiyo kila kitu kinasimama juu ya nyeupe. Bila nyeupe sina mto, sina mawingu, sina ndege wangu, korongo. Na nyeupe inaniishia mle ndani ya nyumba.

3 Aprili

Leo nimemwambia. Nimemkuta anakunja vitambaa, nikasema yote: kwamba ananitupia kazi yangu, kwamba alinimwagia maziwa nikanyamaza, kwamba kama hanitaki aseme kwa mdomo, asiniadhibu kwa kuiba udongo. Sauti ilinipanda mpaka kikohozi kikanikata.

Wifi, ambaye ulimi wake unaweza kupasua kuni, aliacha vitambaa akaenda jikoni. Aliniletea maji. Nikanywa kwa hasira.

5 Aprili

Mvua ilinirudisha mapema. Mlango ulikuwa wazi, sebuleni giza, umeme hakuna. Wifi alikuwa nyuma ya cherehani, ameshika kidonge cheupe kama anayeshika biskuti, anakimega kwa meno ya mbele. Ka. Ka. Macho ameyafumba.

Tulitazamana. Ana unga mweupe kwenye mdomo wa chini.

"Nakula rangi zako, wifi," akasema. "Nisamehe. Nimejizuia nimeshindwa. Zina ladha ya mvua ikianza."

Nilikuwa mjinga kwa dakika nzima. Halafu nikakumbuka maziwa na mtaro, nikaangalia gauni lake pana analovaa kila siku, nikavuta kiti.

"Miezi mingapi?"

"Wa nne unaisha."

"Mdogo wangu anajua?"

"Sijamwambia. Ziliharibika mbili kabla ya hii, wifi, zote zikiwa za miezi mitano. Ile ya kwanza alinunua matofali siku ileile niliyomwambia. Akajenga chumba cha mtoto kwa mikono yake, hajapiga lipu, ikatoka. Ya pili akasema sasa napiga lipu. Ikatoka kabla hajachanganya saruji."

Nikauliza chumba kipi, ingawa nilishajua.

"Unacholala."

Mvua ikapiga bati tukashindwa kusikilizana, na nikashukuru. Ilipopungua, aliniambia kwamba kila nikipita na ndoo kwenda kule nyuma alikuwa anataka kunifukuza, na palepale anashukuru kwamba kuna mtu anakipasha moto.

Nimemwambia aache udongo. Ameahidi. Sinia nimeificha juu ya kabati.

6 Aprili

Amepanda stuli.

8 Aprili

Mvua. Nimeapishwa nisimwambie mdogo wangu. Tumekula watatu kimya kama watu waliogombana, kumbe mimi na wifi tuna letu kooni.

12 Aprili

Naandika benchini zahanati.

Asubuhi nilikuwa nasaga nyekundu uani nikasikia cherehani imeacha kukimbia. Inaachaga, kwa hiyo sikujali. Halafu nikasikia mkasi unaanguka. Nilimkuta chini, kati ya ukuta na meza, midomo imekuwa rangi ya majivu. Jirani muuza mkaa alitupatia mkokoteni wake. Tumemlaza juu ya magunia, nikamfunika turubai, tukasukuma kwenye matope, mimi nakohoa, yeye anahimiza kama anayeswaga ng'ombe.

Matroni mwenyewe alimpokea. Akamfunua jicho, akabonyeza kucha.

"Huyu hana damu. Anakula nini?"

"Udongo," nikasema. "Udongo wangu."

"Upi?"

Neno hilo lilinipasua. Upi. Nyeupe ya wafyatua matofali najua anaila. Lakini kijivu nilikianika pembeni yake, kwenye sinia hiyohiyo. Kijivu nilikichimba nyuma ya gereji, ukingoni mwa mtaro wanakomwaga maji ya betri. Nilipochimba niliwaza rangi tu. Niliona kijivu kizuri cha kivuli cha nyasi, nikachota.

Nikakimbia nyumbani, mimi na kifua changu. Nimelijaza beseni makopo yote, nikarudi nalo kichwani, mvua inaingia kwenye nyekundu na kunichirizikia usoni. Watu njiani walinipisha wakidhani ni damu. Kopo la kijivu nililiangalia tena na tena. Lilikuwa limejaa hivi? Au lilikuwa limejaa zaidi? Mimi ninayekumbuka kila bango nililolichora, sikukumbuka kopo langu limefika wapi.

Wifi alikuwa amelala, sindano ya maji mkononi, hajibu. Matroni alikinusa kile kijivu, akanywea.

"Kama ni hii, ni habari nyingine. Tusubiri aamke."

Kusubiri. Nimetembea ukumbini kutoka kilima changu mpaka pale mto unapotakiwa kuwa, nikarudi. Nimeahidi mambo kwa Mungu ambayo sitayaandika.

Mdogo wangu nilimtumia mtu kule kazini kwake. Amekuja, lakini hakuingia. Nimemwona kwenye uzio, nje ya geti, amesimama kwenye mvua na kofia yake mkononi. Nikamfuata.

"Ingia."

"Mara zote mbili niliitwa kutoka kwenye benchi, dada. 'Baba, njoo.' Unaingia unakuta wameshafunika. Sikai tena kwenye benchi la hospitali."

"Kwa hiyo unajua ana mimba?"

Alinitazama kwa huruma, kama mimi ndiye niliyefiwa na akili.

"Nalala naye kitanda kimoja. Nilijua kabla yake, nadhani. Nikaogopa nikitamka itatoka. Nikasema nitakaa kimya mpaka ipite mwezi wa tano."

Wote wawili! Mume anajificha kwa mke, mke kwa mume, na mimi katikati nadhani mwiba ni mimi.

Alasiri ameamka. Nimemshika bega, nimemwuliza kabla hata ya kumsalimia.

"Kijivu. Ulikula kijivu?"

Alilamba midomo. Sauti yake ilitoka mbali lakini ilikuwa yake.

"Kile kinachonuka gari? Wifi, mimi ni mjamzito, si kichaa."

Nimekaa chini sakafuni nikalia.

13 Aprili

Wamemwongeza damu. Mtoto yumo. Matroni kasema udongo ukijaa tumboni, chakula kinakosa pa kufanyia kazi, na damu ikipungua mtu anautamani zaidi. Ni kamba inayojivuta yenyewe. Kijivu nimemkabidhi, akazike anapojua yeye.

16 Aprili

Amerudi nyumbani na vidonge vya damu, maharage na amri ya kukaa. Nilidhani atanichukia. Amenikabidhi ufunguo wa kabati lake, alimoficha vidonge vyangu.

"Beba udongo wote uliobaki upeleke zahanati. Ukibaki humu nitaula. Sikufichi."

Nimehamisha. Chumba kimekuwa kikubwa, sikipendi.

22 Aprili

Sijagusa brashi tangu siku ile. Nikiona rangi naona mdomo wake. Matroni ameniita ofisini.

"Kuna kijana wa rangi za dukani. Anasema anazo zisizonuka, atamaliza ukuta siku mbili. Nimwite?"

Nikasema amwite. Nikafika mlangoni, nikarudi, nikasema asimwite.

23 Aprili

Kijivu nimekipata kwa mkaa na nyeupe. Ni kizuri kuliko kile. Mto umeanza kupita.

30 Aprili

Mwezi wa tano wa mimba. Hakuna anayeutaja. Mdogo wangu anaondoka asubuhi anageuka mara tatu kabla ya kufika barabarani. Wifi anashona akiwa ameinua miguu juu ya stuli, anatengeneza nguo za watu wengine. Mimi nachora nyasi, unyasi mmoja mmoja, maana siwezi kukaa.

Mvua usiku kucha. Nimesikia mtu anatembea sebuleni, nikadhani wifi. Alikuwa mdogo wangu, anasikiliza mlangoni kama mkewe anapumua.

9 Mei

Baraza la zamani la kusubiria linavuja, wamewahamishia kina mama kwenye ukumbi wangu kabla sijamaliza. Sasa nachora nikiwa na watazamaji, kama kinyozi. Mmoja kaniuliza korongo analia au anacheka. Mwingine kasema nyasi zinamkumbusha kwao, akajifuta macho kwa kanga. Mwenzake akamwambia asimwage machozi, sakafu imepigwa deki.

Mvua leo ilikatika saa nzima. Jua likaingia dirishani, likagusa njano. Kina mama wote waligeuka kuutazama ukuta.

14 Mei

Matroni alinishika mkono, akanivuta mpaka kwenye kilima, akanionyesha chini, usawa wa benchi. Mikwaruzo. Ya kucha, mingi, midogo. Mahali pengine nyekundu imeliwa mpaka plasta inaonekana.

"Ukuta wako unaliwa," akasema.

Kina mama wote walikuwa wanaangalia dirishani.

Nilitaka kucheka. Matroni hakutaka. Kuna chokaa mle, kasema, na hata kama isingekuwepo, haiwezekani wapewe vidonge vya damu dirishani huku wanakula kilima benchini. Nifunike kwa saruji ngumu, kuanzia sakafuni mpaka juu ya kichwa cha mtu aliyekaa, au ukuta wote upigwe chokaa nyeupe. Nusu ya picha yangu inakwenda. Kilima, miguu ya korongo, mizizi.

Nimezunguka uani mpaka muuza mkaa akaniuliza nimepoteza nini.

15 Mei

Nimemwambia mdogo wangu ninahitaji mwashi.

"Mwashi wapi?"

"Unajua wapi."

"Waashi ni wengi, dada."

Wifi alikuwa anakata uzi kwa meno. Hakuinua kichwa.

"Wengi, ndiyo. Wa kwangu ni mmoja."

19 Mei

Ameingia. Kwa mlango wa nyuma, siku isiyo ya kliniki, ukumbi mtupu. Amebomoa rangi yangu ya chini kwa patasi, taratibu, kila kipande kikidondoka anasema samahani, sijui ananiambia mimi au kilima. Benchi alilisogeza kwa mguu, mbali.

24 Mei

Mvua imekuwa ya kunyunyiza tu. Wa tano umepita, tumo katikati ya wa sita. Wifi amepima gauni langu la kazi bila mimi kumwomba, ameniongezea mifuko. Niliposema nitatafuta chumba kwingine kabla mtoto hajaja, alikaza sindano.

"Ukitoka, nani atakipasha moto? Kaa. Atakapokuja mtabanana."

28 Mei

Leo siku ya kliniki. Saruji ya chini ilikuwa haijalainishwa upande mmoja, mdogo wangu alisema ataimaliza kesho. Asubuhi nikamkuta yupo, amechuchumaa na mwiko wake, mgongo kwa kina mama, na mkewe kwenye benchi nyuma yake. Walikuja pamoja. Sikuuliza.

Korongo nilimkosesha miguu, basi nimemrusha. Nimempandisha juu ya saruji, mabawa yamefunguka, kahawia na nyeupe, bado anang'aa kwa umajimaji.

Wifi akaitwa, akaingia. Mlango ukafungwa. Mwiko ukaanza kwenda mbio, mahali pamoja, pale ambapo palishalainika zamani.

Muuguzi akatoa kichwa.

"Baba yupo? Baba, njoo."

Yale maneno. Mdogo wangu alisimama wima, akarudi nyuma kama mtu aliyeona nyoka, akagota ukutani, akaegemea. Nilimwona anaegemea wapi.

"Mkeo anakuita," muuguzi akasema. "Njoo usikilize."

"Mikono yangu ina saruji, dada," akaniambia mimi.

"Utasikiliza kwa mikono? Nenda."

Akajibandua, akaenda. Mgongoni mwa shati lake kulikuwa na bawa zima la korongo, manyoya yote, kutoka bega mpaka kiunoni. Ukutani ndege alibaki na moja. Mama mmoja alinong'ona, "Humwiti umwambie?" Nikamwambia bawa nitachora jingine.

Mlango haukufunga vizuri. Mle ndani waliwasha kile kichombo cha kusikilizia, ikatoka mikwaruzo kwanza, halafu mapigo, ya haraka, yanafuatana, kama cherehani kwenye mshono mrefu. Hayakukatika. Nikamsikia mdogo wangu anauliza, "Ndiyo yeye?" Wifi akajibu kitu ambacho sikukipata, na muuguzi akacheka.

Brashi ilikuwa mkononi, udongo unakauka kwenye sahani, jua liko dirishani. Kazi ilikuwa inanisubiri. Nikaiweka chini, kina mama wakasogea wakanipa nafasi kwenye benchi, nikakaa.